Maziwa hupita kituoni, hasara hujitokeza dukani

Mfugaji akifikisha maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, hupimwa kwa laktomita kujua kama yametiwa maji, kisha kwa alkoholi kujua kama yameanza kuchacha. Yakipita, humiminwa kwenye tangi la kupoozea na lita zake huandikwa. Hata hivyo, ipo hasara ambayo vipimo hivyo havioni. Maabara huweza kuigundua kwa kutumia protini ya maziwa yenyewe, iliyotiwa rangi inayong'aa.

Karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kasini. Makampuni ya vifaa vya maabara huchukua kasini iliyosafishwa na kuiunganisha na rangi ya fluoreseini, ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hutoa mwanga wa kijani. Rangi ikibandikwa kwa wingi, chembe zake hubanana na kufifishana. Kimeng'enya kikiikatakata kasini hiyo, chembe huachana na mwanga huongezeka. Kadiri mwanga unavyopanda upesi, ndivyo vimeng'enya vinavyoharibu protini vilivyo vingi.

Kwa wenye viwanda, jambo hilo ni fedha. Bakteria wa jamii ya Pseudomonas huzaliana hata kwenye tangi lenye baridi ya nyuzi 4, na hutoa vimeng'enya vya aina hiyo. Maziwa ya UHT huchemshwa kwa nyuzi 135 hadi 150 kwa sekunde chache. Bakteria hao hufa, lakini sehemu ya vimeng'enya vyao huhimili joto hilo. Pakiti hutoka kiwandani ikiwa nzuri, na wiki au miezi kadhaa baadaye maziwa huwa machungu au huganda yakiwa dukani. Aidha, ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutoa maziwa yenye kimeng'enya kingi zaidi cha plasmini, ambacho nacho hukata kasini.

Hivyo basi, tangi la kupoozea peke yake halitoshi. Baridi hupunguza kasi ya bakteria, lakini haisafishi maziwa yaliyoingia yakiwa machafu.

Kipimo cha kasini inayong'aa kinahitaji mashine ya kusoma mwanga, hivyo si rahisi kukiweka katika kila kituo cha kijijini. Mahali pake ni maabara za viwanda vikubwa na za taasisi za utafiti. Faida yake kwa mfugaji itakuja iwapo majibu yataingizwa kwenye bei. Kiwanda kinacholipa kwa lita tu humlipa sawasawa anayeosha chuchu, vyombo na mikono, na yule asiyejali.

Wakati huohuo, kinga iko zizini: maji safi, madebe yaliyokaushwa, kutibu ugonjwa wa kiwele mapema na kuwahisha maziwa kituoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.