Nani Aliamua Breki Ikae Mguuni?

Tongoni iko kando ya barabara ya Tanga–Pangani, kilomita kama 20 kusini mwa mji. Wageni huja kutazama magofu ya msikiti na makaburi ya kale, hupiga picha, huondoka. Sisi wengine tunakijua kijiji kwa kijiwe chake cha bodaboda. Bodaboda ni kazi isiyokuuliza cheti cha kidato cha nne. Inakuuliza mguu.

Kaa juu ya Boxer au TVS yoyote uhesabu. Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele. Mkono wa kushoto una klachi. Mguu wa kushoto una gia. Mguu wa kulia una kazi moja tu, kukanyaga breki ya nyuma. Kwa ajili ya kazi hiyo moja, mtu mwenye macho mazima, mikono mizima, akili timamu na mguu wa kushoto usio na tatizo anaambiwa pikipiki si yake. Tunalisema jambo hili kwa sauti ya huruma, kana kwamba ni maumbile. Si maumbile. Ni uamuzi wa kiwanda, na uamuzi wa kiwanda hubadilishwa.

Tena umeshabadilishwa mara nyingi. Hadi miaka ya 1970 pikipiki nyingi za Uingereza zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume na hizi tunazozijua. Zilihama upande Marekani ilipotunga kanuni ya kutaka zote zifanane. Skuta nyingi za siku hizi zina breki zote mbili mikononi, wala hakuna anayeziita chombo cha walemavu. Na baiskeli ya mtoto je?

Ukitaka mfano mkubwa zaidi, mtazame Mick Doohan. Mwaka 1992 Muaustralia huyo aliumia vibaya mguu wa kulia huko Assen, Uholanzi, akijiandaa kwa mashindano. Hakuambiwa akafuge kuku. Alitengenezewa breki ya nyuma ya kubonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, na kuanzia 1994 hadi 1998 akawa bingwa wa dunia wa daraja la 500cc mara tano mfululizo. Leo waendeshaji wa MotoGP wenye miguu yao miwili mizima nao wanafunga breki ya kidole.

Habari ya kuku sikuitunga. Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, alivunjika kifundo cha mguu wa kulia katika ajali ya bodaboda. Mfupa uliunga, kifundo kikakaza, hakikunji tena. Alipokwenda kwenye ofisi moja kuulizia mkopo wa pikipiki, mama aliyempokea alimwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, haya ya pikipiki waachie wenzako. Kwa nini usiombe mradi wa kuku?"

Akamjibu, "Mama, shikamoo yako nimeileta kwa miguu kutoka stendi. Kuku watanirudisha?"

Wakacheka wote wawili. Mkopo hakupata.

Mikopo yenyewe ipo kisheria. Tangu 2018 halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Tumeridhia, tangu 2009, Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao ibara yake ya 20 inazungumzia haki ya mtu kusafiri kwa namna anayoichagua mwenyewe na kwa gharama anayoimudu. Namna anayoichagua mwenyewe! Siyo namna anayochaguliwa na mfadhili anayekuja na baiskeli ya matairi matatu na mpiga picha. Karatasi zetu ziko vizuri. Kinachokosekana ni waya na kishikio.

Nasema waya kwa sababu ndivyo ilivyo. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo, na ninaweza kukuhakikishia kwamba hapa hakuna siri. Breki ya nyuma ya bodaboda nyingi ni ya ngoma, inayovutwa na fimbo ya chuma kutoka kwenye pedali. Unaiacha fimbo, unaongeza waya unaovuta mkono uleule wa ngoma, unaupandisha hadi kwenye usukani upande wa kushoto, unafunga kishikio cha pili chini ya kile cha klachi au kitufe cha kidole gumba. Mambo matatu yanataka umakini. Mkono hauna nguvu ya mguu, kwa hiyo uwiano wa kishikio na ule mkono wa ngoma lazima upigiwe hesabu. Ala ya waya lazima iegemee kwenye kituo kilichochomelewa imara. Na swichi ya taa ya breki lazima ihamishwe pia, la sivyo anayekufuata hatajua kwamba unasimama. Fundi mzuri, aliyepewa mchoro mzuri, anaiweza. Dar es Salaam watu wenye ulemavu wa miguu wameendesha bajaji miaka mingi, na breki ya bajaji nayo hutoka kiwandani ikiwa ya kukanyaga. Mafundi wa mtaani ndio waliowachomelea chuma cha kuvuta kwa mkono.

Hapo huja hoja ya usalama, na ni hoja ya haki. Chombo kilichochezewa ovyo kinaua. Lakini tuulize: bila breki ya mkono, ndugu yangu anafanya nini? Anaendesha. Anaazima pikipiki usiku, anasimama kwa breki ya mbele peke yake. Kwenye lami kavu atasalimika. Kwenye mchanga wa njia ya kushukia ufukweni, tairi la mbele likikamatwa ghafla huteleza, na dereva na abiria huenda chini. Kumkatalia marekebisho hakukumwondoa barabarani. Kumemwacha barabarani na nusu ya breki zake. Anayejali usalama kweli ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai kishikio hicho.

Wenzetu wanaliweka jambo hili kwenye leseni yenyewe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, msimbo 44 kwenye leseni unamaanisha kwamba mwenye leseni anaruhusiwa kuendesha pikipiki iliyorekebishwa kwa namna iliyotajwa. Mtu anatahiniwa akiwa juu ya chombo chake kilivyo, chombo kinakaguliwa, habari imekwisha.

Sidai kila mtu apande pikipiki. Magurudumu mawili yanahitaji angalau mguu mmoja wa kukishikilia chombo kikisimama, na kwa asiye na mguu huo bajaji ni jibu bora. Ninachodai ni kwamba swali liulizwe kwa mtu mmoja mmoja, juu ya chombo, na mtahini mwenye ujuzi, badala ya kujibiwa mezani na mtu anayetazama fimbo ya kutembelea. Mkopo wa asilimia 2 uhesabu gharama ya marekebisho pamoja na bei ya pikipiki. Vyuo vya VETA vitoe mchoro mmoja uliopimwa, ubandikwe gereji zote. Mkaguzi aukague kama anavyokagua taa.

Na nyinyi wahandisi wenzangu mnaotafuta mada ya utafiti, mkihangaika na magari yasiyo na dereva: hapa kuna dereva asiye na breki. Anapatikana kijiweni Tongoni, jioni, baada ya wenye pikipiki kurudi.