Mjusi Mdogo na Majina Yake

Katika nyumba zetu nyingi, tangu pwani hata Tunduma, kila mjusi mdogo huitwa "mjusi kafiri", na mara aonekanapo kijana hushika ndara. Leo twataka kuuliza: je, tunamjua tumpigaye?

Mjusi wa nyumbani hutoka usiku akawinda wadudu penye taa, na mboni ya jicho lake ni nyembamba mfano wa ufa. Asili yake ni Afrika. Lakini jina lake la kitaalamu, Hemidactylus mabouia, lilitolewa mwaka 1818 na Mfaransa Moreau de Jonnès kwa mjusi wa visiwa vya Antili, ng'ambo ya Atlantiki, ambako yadhaniwa alifika kwa vyombo vya baharini. Nalo neno mabouya, kwa wenyeji wa visiwa hivyo, lilikuwa na maana ya pepo mbaya. Basi huku aitwa kafiri, kule aitwa pepo, na mwenyewe hana habari.

Yuko mwingine, mdogo zaidi, akaaye mitini. Huyu hutembea mchana, mboni yake ni ya duara, na chini ya ncha ya mkia ana vibandiko vya kushikia gome, kama vile vya vidoleni. Ni Lygodactylus angularis, aliyepewa jina mwaka 1893 na Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza, London, kutokana na mijusi waliotoka nyanda za juu za Shire, Malawi. Angularis ni neno la Kilatini lihusulo pembe. Na kooni ana michoro myeusi mfano wa herufi V. Makao yake ni Malawi, Zambia, Kongo na kusini magharibi mwa Tanzania. Sisi twauita Mto Songwe mpaka, na Tunduma twavuka kwa hati kwenda Nakonde. Yeye mipaka hiyo haijui.

Wengi huliunganisha jina la kafiri na hadithi iliyopokewa juu ya mjusi aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu. Hukumu yake twawaachia wanazuoni, kwani ndiyo kazi yao. Lakini hata mwenye kuifuata hukumu yampasa amjue anayehusika, asije akamwua wa mtini kwa jina la wa ukutani. Na ukafiri wenyewe ni jambo la mwenye akili aliyefikiwa na ujumbe. Mnyama hana sehemu humo.

Enyi wazazi, mtoto ashikapo ndara, mwulizeni kwanza: umemwona usiku au mchana? Ukutani au mtini? Jicho lake li namna gani? Mtoto aliyezoezwa kutazama kabla ya kutaja jina, akikua hatakuwa mwepesi wa kumwita jirani yake jina asilolistahili.