Kilio cha Kichanga Mbele ya Sindano



Familia zetu zilizohamia Kitui na Makueni kwa kazi na biashara, tangu Mwingi hadi Makindu na Kibwezi, zimetuuliza: je, hapana budi kichanga alie vile anapodungwa sindano? Na mama anayeambiwa angoje nje, afanyeje?

Kwanza tufahamu kwamba maumivu ya kichanga ni maumivu ya kweli. Hadi miaka ya 1980, matabibu wengi duniani waliamini kwamba mtoto wa siku chache hajakomaa kiasi cha kuyahisi. Mwaka 1987, Daktari Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba watoto njiti waliopasuliwa wakiwa wamepewa dawa kali ya maumivu, miili yao haikutaabika kama ya wenzao walioikosa.

Sisi Waislamu tulikwisha kufunzwa kukisikiliza kilio hicho. Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, aliingia katika Swala akinuia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kujua jinsi moyo wa mama unavyotaabika. Ikiwa Swala ya jamaa ilifupishwa kwa ajili ya kilio cha mtoto, itakuwaje sisi tukipuuze kliniki?

Hapa Kenya, kichanga hudungwa chanjo ya kifua kikuu mkononi baada ya kuzaliwa, kisha sindano za mapajani katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliyelazwa wadini huenda akatobolewa kisigino ili kupimwa damu, au akatiwa dripu, tena na tena.

Tiba ya kwanza haiuzwi dukani. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama au mlezi awepo wakati wa chanjo, ampakate mtoto, na anayenyonya anyonyeshwe wakati wa sindano au muda mfupi kabla yake. Basi mtie titi mdomoni dakika chache mapema, hakikisha amelishika vyema, na usimwachishe sindano inapotolewa. Kunyonya, joto la mwili, harufu ya mama na utamu wa maziwa hufanya kazi pamoja. Asiyeweza kunyonya na awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, amefunikwa kanga. Kama kuna matone ya chanjo ya kuhara, muuguzi aombwe ayatangulize kabla ya sindano, kwani baadhi yake yana sukari.

Mama asione haya kusema kwa upole: "Naomba nimpakate na kumnyonyesha unapomdunga." Shela au mtandio unatosha kumsitiri, na mume aliyefuatana naye amsaidie kuomba. Wauguzi wana foleni ndefu, lakini ombo hili haliwapotezei muda. Mtoto aliyetulia hudungwa kwa wepesi.

Yako mambo matatu ya kujihadhari nayo. Kwanza, asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwani yaweza kubeba vijidudu vyenye sumu ya kumdhuru. Maji ya sukari hospitalini hutolewa kwa matone yaliyopimwa; yasitengenezwe nyumbani. Anayetaka kutimiza sunna ya tahniki kwa tende, aoshe mikono na apake kidogo sana. Pili, mtoto asinyweshwe dawa ya maumivu kabla ya chanjo bila ushauri wa mhudumu wa afya. Tatu, titi halitoshi kwa tohara. Anayemtahiri mwanawe siku ya saba ampeleke kwa tabibu mwenye ujuzi, atakayetumia dawa ya ganzi.

Wako wanaoahirisha chanjo kwa kumhurumia mtoto, hasa kituo kikiwa mbali kama ilivyo sehemu nyingi za Kitui. Huruma hiyo imepotea njia, kwani surua na kifaduro haviahirishi safari. Huruma ya kweli ni kumpeleka kwa wakati na kumpakata anapodungwa.

Allah amewataja akina mama wanaonyonyesha miaka miwili kamili katika Suratul Baqara. Titi lililo riziki ya mtoto, kwa rehema Zake, ni kitulizo chake pia. Twamuomba Awahifadhi watoto wetu na Awalipe kheri mama zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.