Mahindi, sumukuvu na uzi wa kioo

Machi 5, 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda ikisema yana sumukuvu kupita kiwango, na wenye mizigo wakajikuta wamekwama Namanga na Busia. Siku chache baadaye ililegeza amri hiyo kwa masharti: mwagizaji ajisajili, mzigo uwe na cheti cha ulikotoka na kingine kinachothibitisha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Sudan Kusini kuzuia malori ya mahindi na unga yaliyotoka Uganda, kwa sababu hiyo hiyo.

Wapo wanaosema hizo ni siasa za kulinda soko tu. Siasa zimo, lakini sumu nayo ipo. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu.

Tatizo la mfanyabiashara ni kipimo. Sehemu 10 kwa bilioni ni miligramu 10 katika tani nzima. Kwa lori la tani 30 ni miligramu 300, uzito usiofika kidonge kimoja cha maumivu ya kichwa. Jicho halioni, wala kunusa hakusaidii. Sampuli ikipelekwa maabara ya mbali mzigo unalala njiani, na aliyerudi kutoka kambini akaanza upya na magunia manne hana mtaji wa kungoja.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya watafiti wa vihisi vya mwanga. Mwaka 1993 Jorgenson na Yee wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichukua uzi wa kioo, ndugu wa ule unaopitisha simu na intaneti, wakauvua ganda sehemu ndogo na kuupaka madini ya fedha. Wengine hutumia dhahabu, unene wa nanomita 50 hivi. Mwanga ukipita, rangi moja hutikisa elektroni zilizo juu ya madini na kumezwa. Kitu chochote kikigusa madini hayo, rangi inayomezwa hubadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa. Ukipandikiza juu yake kingamwili inayonasa sumukuvu peke yake, uzi umekuwa mpelelezi. Nchini India, B. D. Gupta wa IIT Delhi ametumia miaka mingi katika vihisi vya namna hii.

Uzuri wake ni kwamba uzi ni mwembamba, unahitaji tone tu la kimiminika, na kifaa chake kinaweza kufanywa kidogo cha kubebeka. Hata hivyo, tusishangilie mapema. Molekuli ya sumukuvu ni ndogo mno, hivyo badiliko lake katika mwanga nalo ni dogo, na joto la mchana wa mpakani laweza kulivuruga. Isitoshe, mahindi lazima kwanza yasagwe na sumu itolewe kwa kimiminika maalumu. Vibanzi vya kupima kwa dakika chache navyo viko sokoni tayari, na malori bado yanasimama.

Yanasimama kwa sababu mbili ambazo hakuna uzi utakaozitibu. Kwanza, sumu haisambai sawasawa; punje chache mbovu zaweza kuharibu gunia moja na kuliacha la pili safi. Afisa akichota kwenye gunia la juu tu, jibu lake ni bahati nasibu hata kifaa kiwe cha dhahabu tupu. Pili, cheti cha upande mmoja hakiaminiki upande wa pili, ingawa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango kimoja cha mahindi. Mzigo uliopimwa ukalipiwa nyumbani hupimwa na kulipiwa tena ng'ambo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kifaa kipya kitafika lini Busia, mwenye magunia aulize yamechotwa mangapi kati ya aliyoleta, na kama karatasi atakayopewa itasomwa hatua mia moja mbele.