Usiniambie Tao Haiendeki

Juzi nilialikwa chakula cha jioni Westlands. Meza ya watu saba, taa za kuning'inia, muziki wa chini chini, na ukurasa wa waini usio na bei mpaka uulize. Mhudumu alimimina tone kwenye glasi yangu akasimama kando akingoja. Sikujua kama natakiwa kunusa ama kunywa, nikanywa, nikasema iko sawa. Na kweli ilikuwa sawa. Sina ugomvi na waini.

Ugomvi ulianza pale jamaa mmoja, mpole, tena msomi, aliponiuliza nimetokea wapi. Nikamwambia nimetoka kwa shangazi yangu, River Road. Meza ikanyamaza utadhani nimesema nimetoka Kamiti. "Wewe huwa unaenda huko?" akauliza dada aliyekaa mkono wake wa kushoto. "Mimi tao sijakanyaga tangu Covid. Huko ni kuibiwa tu." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Wote saba tumezaliwa Nairobi. Hakuna mgeni hapo.

Nilimeza mate nikarudi kwa sahani yangu. Sasa nimefika nyumbani, na yale niliyofaa kusema pale mezani nayasema hapa.

Wacha nianze kwa kukubali. Ndiyo, River Road kuna wezi. Nimeibiwa simu mara mbili maishani. Mara ya kwanza ilikuwa Latema, mathree imekwama kwa jam, mimi nimekaa dirishani kama mshamba, mkono ukaingia, simu ikatoka. Mara ya pili ilikuwa Kilimani, saa nne usiku, nje ya klabu yenye mabaunsa wanne mlangoni. Jamaa wawili kwa pikipiki, sekunde tatu, kwisha. Ile ya Latema nikiisimulia watu huniambia, "Si ni River Road, ulitarajia nini?" Ile ya Kilimani wanasema, "Aki pole. Yaani hata Kilimani siku hizi?"

Sikiliza hiyo tofauti. Simu ni ile ile. Hasara ni ile ile, na kusema kweli ya Kilimani ilikuwa ghali zaidi. Lakini wizi wa River Road unahesabiwa kama tabia ya mtaa, na wizi wa Kilimani unahesabiwa kama ajali. Mmoja unathibitisha, mwingine unashangaza. Ukishaanza kuhesabu hivyo, hakuna idadi ya simu zitakazoibwa Kilimani zitakazokufanya useme Kilimani haiendeki.

Na tusiende mbali. Septemba 21, 2013, watu 67 waliuawa Westgate. Januari 15, 2019, wengine 21 wakauawa pale DusitD2, Riverside Drive. Je, tulihama Westlands? Hatukuhama. Westgate ilifunguliwa tena Julai 2015 na watu wakarudi na watoto wao, wakanunua viatu na aiskrimu. Na walifanya vizuri kabisa, sababu mji haupewi wauaji hivi hivi. Ninachouliza ni kwa nini moyo huo huo unakwisha ukivuka Moi Avenue. Magaidi hawakuweza kututoa Westlands, lakini mvulana mwenye vidole vyepesi ametutoa tao?

Twende kwa Covid, kwa sababu ndiyo kisingizio cha wengi. Machi 13, 2020 ndipo serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni. Siku chache tu baadaye mvulana wa miaka 13 akapigwa risasi Kiamaiko akiwa kwenye roshani ya kwao, polisi wakitekeleza kafyu. Nakumbuka shangazi alikuwa akifunga hoteli saa tisa mchana ili wafanyakazi wake wafike Dandora na Kayole kabla ya rungu. Mathree ya watu kumi na wanne ilibeba wanane, na nauli wanane hao walilipa ya kumi na wanne. Kulikuwa na askari aliyepita kila jioni kukagua kama kuna maji na sabuni mlangoni. Maji yalikuwapo, na sabuni ilikuwapo, ila ukaguzi haukuisha mpaka apewe kitu kidogo. Sitasema alikuwa wa ofisi gani.

Wakati huo huo, huku upande wa magharibi, tulikuwa tukifanya nini? Nasema tulikuwa, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Kulikuwa na nyumba fulani Kileleshwa, pazia zimefungwa, spika imewekwa chini ya blanketi, watu ishirini kwenye sebule moja, na unalala huko huko mpaka alfajiri ndiyo uite teksi. Hakuna aliyevaa barakoa. Asubuhi tunaamka, tunafungua simu, tunaona picha ya Gikomba imejaa watu, na mtu anaandika: "Hawa ndio watatumaliza." Niliweka alama ya kupenda. Aibu yangu.

Sheria za mwaka huo zilisema ukipatikana bila barakoa unaweza kutozwa faini hadi shilingi 20,000 ama ufungwe miezi sita. Julai 2020, seneta wa Nairobi, Johnson Sakaja, alikamatwa kwa baa moja huko Kilimani saa za kafyu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya Covid-19, yaani yeye ndiye aliyekuwa akiuliza serikali maswali kuhusu ugonjwa. Alikiri kosa, akaomba msamaha, akajiuzulu uenyekiti, akatozwa 15,000. Kwa haki yake, kujiuzulu si jambo la kila siku Kenya. Lakini piga hesabu mwenyewe. Na miaka miwili baadaye tukamchagua gavana.

Kabla yake kulikuwa na Mike Sonko, ambaye Aprili 2020 aliwatangazia wakazi kwamba kwenye vifurushi vya msaada ataweka chupa ndogo za Hennessy, ati ni za kusafisha koo. Kampuni yenyewe ililazimika kusema pombe haikingi ugonjwa. Tulicheka sana. Mimi leo sicheki vile. Mtu aliyetakiwa kuwapa watu chakula aliona wa chini akilewa kidogo atatulia.

Hii tabia ya kuweka ugonjwa na uhalifu upande wa kina fulani ni kuukuu kuliko nyanya yako. Nairobi haikuwa hata na miaka mitano, 1902, tauni ilipozuka kwenye Bazaar ya Wahindi, na dawa ya wakubwa ikawa ni kuichoma yote. Mwaka 1913 daktari mmoja kutoka Uingereza, W. J. Simpson, alipendekeza kwa jina la usafi na afya kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbali mbali. Wazungu wakawa juu, kwenye hewa na miti, huko magharibi na kaskazini. Wengine wakawa chini, kuelekea mashariki kwenye udongo mweusi wa kutuama maji. Moi Avenue wakati huo ikiitwa Government Road. Ukimsikia mtu wa 2025 akisema "mimi huishia Moi Avenue, chini ya hapo siendi," anadhani ni ujanja wa mjini. Anasoma ramani ya Mkoloni bila kujua nani aliichora.

Meja Mwangi aliliona hili zamani. Riwaya yake *Going Down River Road* ilitoka 1976, na ndani yake kuna Ben anayejenga ghorofa liitwalo Development House. Wajenzi wanapanda na kushuka na simiti, jioni wanashuka River Road kunywa, na jengo likiisha si lao. Karibu miaka hamsini sasa. Ukitaka kumwona Ben, panda Waiyaki Way asubuhi uangalie wanaoshuka mathree na helmeti mkononi.

Turudi kwa waini basi, maana ndiyo ilianzisha haya. River Road na vichochoro vyake utakuta duka limeandikwa Wines & Spirits kila baada ya milango michache. Ndani kuna wavu wa chuma, mkono unapitisha pesa, mkono mwingine unarudisha chupa ya robo. Waini hakuna. Labda chupa moja ya vumbi juu ya rafu, imewekwa kwa heshima ya jina. Mtu akisimama hapo saa tano asubuhi na chupa yake, huyo ni mlevi, kizazi kimepotea, kamanda wa polisi aitwe. Jumapili saa tano hiyo hiyo, Lavington, mvinyo wa mapovu unamiminwa kando ya mayai na parachichi, glasi baada ya glasi mpaka useme basi, na hiyo inaitwa branchi. Sheria ya vileo ya 2010, ile tuliyoipa jina la Mututho, iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi. Lori la polisi nimeliona Latema na Accra Road mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nje ya branchi sijaliona hata siku moja.

(Msinielewe vibaya, naipenda branchi. Na mkitaka waini ya karibu, ya Dodoma inanyweka, na ya Naivasha pia. Lakini hilo ni la siku nyingine.)

Utaniambia haya ni maneno ya wivu tu, watu wana haki ya kula wanapotaka. Wana haki. Lakini hofu ya watu wenye pesa haibaki kwenye meza yao. Inatembea. Inafika kwa anayeamua taa za barabara ziwekwe wapi, na askari wa kanjo wampige nani. Juni 17, 2025, vijana waliandamana tao kwa sababu ya kifo cha Albert Ojwang mikononi mwa polisi. Wahuni wenye rungu na mijeledi waliingia, wengine kwa pikipiki, wakachapa watu mchana kweupe. Siku hiyo, karibu na Imenti House, dakika chache kwa miguu kutoka River Road, polisi alimpiga risasi ya kichwa kijana mchuuzi, karibu kabisa, mbele ya kamera. Alifariki kabla mwezi kuisha. Alikuwa akiuza barakoa. Zile zile tulizoambiwa tutafungwa tusipovaa.

Kwenye kundi letu la WhatsApp, ujumbe wa kwanza baada ya video ile ulikuwa: "Lakini alikuwa anafanya nini tao siku ya maandamano?"

Alikuwa kazini, bana. Mtu mwenye boksi la barakoa mkononi, katikati ya jiji lake, anahitaji sababu ya kuwa hapo? Swali lile linawezekana tu kama tayari tumekubaliana kwamba tao si mahali pa watu wa maana, na aliyeko huko amejitakia. Ndiyo maana nakasirika mtu akisema "huko ni kuibiwa tu" kwa sauti ile laini, akikata nyama.

Shangazi ana hoteli yake mwaka wa kumi na tisa sasa, kwenye kichochoro ambacho sitataja, mlango mwembamba, meza nane. Ugali matumbo, sukuma, chapo madondo, na supu ya mfupa unaongezewa bila kulipia. Chapati zake zinafunguka tabaka kwa tabaka, ungezikuta Westlands kwenye sahani nyeusi ungepiga picha. Zamani saa saba mchana ulisimama ukingoja kiti. Makarani, mawakili wadogo, watu wa benki na tai imetupwa begani isiguse mchuzi. Kisha ofisi zikaanza kuhamia Upper Hill na Westlands, Covid ikaja ikamaliza mchezo, na tai hazijarudi. Mwenye jengo ameongeza kodi kwa sababu anaweza kuligawanya vyumba vidogo vya kuuzia nguo na simu. Shangazi anasema ataangalia mpaka Desemba. Anasema bila machozi, akipangusa meza, na wapishi wake wawili wanajifanya hawasikii.

Kwa hivyo kabla hatujaachana usiku ule nilifanya kitu kimoja. Bili ilipokuja, nikaona sehemu yangu ni sawa na chakula changu cha wiki mbili kwa shangazi, nikalipa, nikasema: mara ijayo mimi ndiye mwenyeji. River Road, Alhamisi, saa saba mchana. Waini mnaweza kubeba ila shangazi ni Mwadventista, itabidi mfungulie nje. Kukawa na kicheko cha wasiwasi. Watatu wakakubali. Dada yule wa "kuibiwa tu" akauliza ataegesha gari wapi, nikamwambia aache gari, apande mathree kama watu, kituo ni karibu.

Nimemwambia shangazi aweke viti saba. Amesema ataweka vitano, wakizidi ataazima kwa fundi wa saa hapo mlangoni.