Haibridi ya Kuegesha Chini ya Mwembe

Mstaafu akitamka tu kwamba anatafuta gari, washauri humjia kabla hajaketi. Wote siku hizi wana neno moja: haibridi. Mchuuzi wa magari ya mtumba kutoka Japani aliniambia, "Mzee wangu, petroli utaisahau," wala hakuniuliza huwa naendesha kwenda wapi. Mpwa wangu alimuunga mkono kwa vifijo.

Mimi napinga. Sisemi gari hilo ni baya. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwaka 1997, na ufundi wake umethibitika. Lina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha nguvu kwenye betri badala ya kuipoteza kwa joto. Kwa hiyo faida yake huonekana zaidi kwenye foleni, simama-nenda, kutwa nzima.

Lakini mimi foleni naikuta wapi? Naishi Morogoro. Naenda sokoni, kanisani, kliniki, na misibani, ambako siku hizi naenda zaidi ya harusini. Jumla yake ni kilomita 60 kwa wiki, yaani kama 3,000 kwa mwaka. Tufanye hesabu ya darasa la sita. Gari dogo la petroli likienda kilomita 14 kwa lita, litakunywa lita 214. Haibridi ikienda kilomita 22, itakunywa lita 136. Tofauti ni lita 78. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, nimeokoa shilingi 234,000 kwa mwaka. Katika magari mawili niliyoonyeshwa, haibridi ilizidi bei kwa shilingi milioni 5. Fedha hizo zingenirudia baada ya miaka 21. Nina miaka 74.

Na hapo nimeipendelea haibridi, kwa maana katika safari fupi injini yake huwaka mara kwa mara ili ipate moto, na zile kilomita 22 hupungua.

Kisha kuna betri kubwa, ambayo mchuuzi aliipitia haraka kama mwanafunzi anayeruka swali gumu. Betri hiyo huchakaa kwa umri na kwa joto, hata gari likiwa limelala. Gari la mtumba linatufikia likiwa limekwisha kula miaka yake. Katika Prius, feni ya kupoza betri huvuta hewa kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Ukilijaza vumbi la barabara zetu, au ukaliziba kwa magunia ya mkaa, unaipika betri. Na ile betri ndogo ya volti 12 ikiishiwa kwa kuegeshwa wiki tatu, gari haliamki, hata kama ile kubwa imejaa.

Mpwa wangu aliposhindwa hesabu alikimbilia mazingira. "Mjomba, huoni hali ya hewa ilivyoharibika?" Naiona, mvua za vuli nimezihesabu kabla yeye hajazaliwa. Lakini hoja hiyo inamgeukia. Dereva wa teksi wa Dar es Salaam anayekwenda kilomita 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hufikisha kilomita 45,000, mara 15 ya zangu. Gari lile lile mikononi mwake lingeokoa lita 1,170. Ile milioni 5 ingemrudia katika mwaka mmoja na nusu, na moshi ungepungua pale watu wanapouvuta. Mimi nikilinunua nikaliegesha chini ya mwembe, nimemnyang'anya yeye chombo cha kazi ili majirani waseme mwalimu anakwenda na wakati.

Hapo mpwa wangu alinyamaza, kisha akauliza kama ile milioni 5 ina kazi. Nikamwambia inayo: paa la nyumba ya bibi yake linavuja tangu masika ya mwaka jana, na yeye ndiye aliyeahidi kuliezeka.