Usiilaumu programu kabla hujaujua mzigo

Nimepotea kidogo, nilikuwa napambana na mfereji wa shangazi yangu hapa Kisauni. Maji kwetu huja kwa zamu, mara nyingi usiku, kwa hiyo nilimtengenezea kidude cha kumpelekea SMS yakianza kutoka. Ndani mna modemu ya GSM na bak konveta, yaani kile kisahani cha kushusha volti, kinachotoa volti 12 za betri ya sola hadi 4. Maji yakaja, modemu ikazimika katikati ya kutuma. Asubuhi shangazi aliamkia mitungi mitupu. Nami nikashinda siku tatu nikipekua programu isiyo na kosa!

Kosa lilikuwa kwenye umeme. Nilikuwa nimeipima konveta kwa mita bila kuifungia kitu, ikasoma volti 4 safi. Nikaifungia taa, bado 4. Lakini taa huvuta umeme kwa utulivu. Modemu ya GSM ikituma huvuta kwa vishindo: hadi ampea 2 kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde, kisha inatulia, kisha tena. Nyaya zangu nyembamba zilikuwa na ukinzani wa kama omu 0.3. Zidisha kwa 2: volti 0.6 zimepotea njiani. Mita ya kawaida haikioni kishindo hicho, inaonyesha wastani tu.

Mota nayo ina vituko vyake. Ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa zaidi ya kawaida, na ukiizima ghafla hurusha volti kinyume, ndiyo maana hufungiwa dayodi. Mzigo mdogo sana nao hubadilisha mambo: umeme kwenye koili hufika sifuri kabla swichi haijawaka tena, na konveta hubadili mwendo wake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: volti iliyopimwa bila mzigo si kipimo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jaribu konveta kwa mzigo ule ule utakaoubeba, katika saa yake mbaya kabisa.

Mimi nilifupisha nyaya, nikaweka nene, na kapasita kubwa karibu na modemu. Programu sikuigusa. Juzi saa nane usiku shangazi alipata SMS yake, akajaza mitungi yote.